Mafiga Yaliyoelea

Siku mawe yalipoelea hadi pwani yetu, tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu wa kike, na bibi jirani. Wazazi walikuwa wametangulia mbele ya haki, nami nilishaacha shule.

Leo nimenunua jiwe la kusugulia miguu sokoni Malindi. Lilipolowa likatoa harufu ya chumvi, nikaiona tena pwani yetu imejaa mawe ya kijivu yenye vitundu, mepesi kama mkate mkavu, yakielea. Niliokota matatu makubwa nikayafanya mafiga, nikabandika uji wa unga wetu wa mwisho. Nilipoukoroga tu, mafiga yakasogea, sufuria ikapinduka, uji wote ukanywewa na mchanga.

Kitindamimba akaangua kilio. Bibi akachungulia uani.

"Mwanangu, umepikia povu? Mawe haya hutoka mlima wa moto ulio chini ya bahari, mbali huko. Marehemu mume wangu alikuwa baharia, aliyaona maji ya huko yakifuka moshi."

"Kama yametoka motoni, Bibi," mdogo wangu akasema, "mbona uji tu umeyashinda?"

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Akaenda kwake, akatuletea chungu chake cha wali. Akarudi tena, akaleta mafiga yake mwenyewe, yangali na joto, akayapanga jikoni kwetu.

"Na wewe Bibi, utapikia wapi?" nikamuuliza.

"Hapa hapa, nanyi. Ukipata yako utanirudishia."

Alipikia kwetu hadi alipofariki. Asubuhi hii nimebandika chai juu ya mafiga yake.