Ugonjwa wa Mama Ulipopata Jina

Harufu ya pasi ya mkaa ndiyo iliyoniamsha asubuhi zote za utoto wangu kule Rwezamenyo. Mama alikuwa fundi cherehani, na jua lilipochomoza alikuwa ameshanyoosha nguo za wateja. Kisha, masika ya mwaka niliotimiza miaka tisa, harufu ile ikakatika. Mama aliacha kushona. Alilala ameelekea ukutani, chai ikipoa pembeni yake, na nilipomwamkia aliitikia kwa sauti ya mtu aliye mbali. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Kabuga akasema ni jini. Majirani wakasema ni uvivu. Mimi niliamini sababu ni mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa maswali mengi.

Baba, aliyekuwa na duka dogo la vyakula, hakubishana na mtu. Alianza kunisuka mwenyewe, mistari ikienda kombo kama vijia vya mlimani, nami nikaenda shule hivyo hivyo. Asubuhi moja alimfunga mama kitenge, akanishika mkono, tukaenda wote kituo cha afya. Muuguzi aliuita ugonjwa ule, kwa lugha ya kwetu, agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Kwa Kiswahili huitwa sonona. Nikamnong'oneza baba, "Ni mimi niliyemchosha?" Muuguzi akasikia, akainama mpaka tukatazamana.

"Malaria huletwa na maswali ya mtoto?"

"Hapana."

"Basi hata huu hauletwi nayo."

Nilitoka pale mwepesi. Shangazi alimsihi baba aifiche habari ile. Baba akamjibu taratibu, "Mficha maradhi, dada yangu, kifo humuumbua." Wateja walipouliza, aliwaambia wazi kwamba mkewe anaumwa huzuni na anatibiwa. Wanawake waliokuwa wakisengenya wakaanza kuja mmoja mmoja kuketi na mama, na wengine walikawia, wakimsimulia huzuni zao wenyewe. Alipona polepole, wiki njema ikifuatwa na mbaya. Siku moja alinitazama kichwani, akacheka. "Nani kakuharibu hivi, mwanangu?" Akazifumua nywele zote, akanisuka upya.

Sasa mimi ni mtu mzima, na mwaka jana zamu yangu ilifika. Nilikuwa kituo cha mabasi cha Nyabugogo nikisubiri basi, kifua kikabana, mikono ikafa ganzi, nikadhani nakata roho. Hospitalini, daktari hakuona tatizo la moyo. Akasema ni wasiwasi uliozidi, akanielekeza kwa mshauri. Siku hizi vijana huingia chumba cha mshauri bila kujitanda uso, na ninafurahi, ingawa najua bado zipo nyumba ambamo mgonjwa hufichwa. Kwetu mlango huo baba aliufungua mapema, nami namshukuru kila nikikumbuka. Nilipompigia mama simu, hakushtuka wala hakuniambia nijikaze. Alikuja. Tulipoketi kwenye benchi la kusubiri nje ya chumba hicho, muuguzi mmoja alitutazama, akauliza mgonjwa ni nani. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Safari hii ni yeye," akasema. "Mimi nimemsindikiza."