Fundi Aliyeitwa Funua

Dukani kwetu tulikuwa na fundi ambaye mji mzima ulimwita Funua, na kwa miaka sita mimi nilikuwa miongoni mwa waliomcheka. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadhani nilikuwa mwema tangu mwanzo. Haya mengine nimeyanyamazia mpaka yeye na mkewe wamezikwa, kwa sababu sasa hakuna tena wa kuumia.

Mimi ndiye niliyekaa kwenye meza ya mlangoni. Niliuza feni, pasi, redio na seti za muziki, niliandika risiti na kupokea malalamiko, na mdomo wangu tangu utotoni hauna breki. Kazi ya Funua ilikuwa moja tu. Mteja akinunua seti ya muziki, ile ndogo ya spika mbili inayokaa juu ya kabati, Funua huibeba mpaka nyumbani kwake, huiunga, huijaribu, kisha husaini kadi ya waranti. Bila saini yake, kadi ile ilikuwa karatasi ya kufungia karanga.

Alikuwa mrefu, mkimya, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Nilifuatana naye mara kadhaa, kwa hiyo kazi yake naijua. Boksi hakuligusa kwanza. Alizunguka sebuleni akitafuta mahali: si dirishani jua linapopiga, si karibu na jiko, si chini ya rafu yenye chombo cha maua, kwa sababu maji hayana adabu. Akiliona kabati linalofaa, alilitikisa aone kama limesimama sawasawa. Ndipo aliitoa seti, akaigeuza mgongo na kutazama kile kiswichi chekundu cha kuchagulia nguvu ya umeme. Nyingine zilitufikia zimewekwa kwenye umeme mdogo wa nchi za watu, na ukiichomeka hivyo hivyo umenunua moshi.

Spika aliziweka moja kulia, moja kushoto, kimo cha sikio la mtu aliyekaa. Waya mwekundu penye alama nyekundu, mweusi penye nyeusi, ncha amezisokota vizuri, usibaki hata uzi mmoja wa shaba wa kwenda kumgusa jirani. Nyuma ya seti aliacha shubiri moja kutoka ukutani, na aliipima kwa kiganja chake mwenyewe. Alishusha sauti mpaka mwisho, akajifuta mikono kwa leso, kisha akachomeka plagi kwenye soketi ya ukutani. Zile soketi za waya mrefu zilizokwisha kubebeshwa friji na pasi hakuzitaka kabisa. Aliwasha, akapandisha sauti polepole, halafu akaweka kiganja juu ya matundu ya hewa na kungoja, uso ameuinamisha, mpaka aridhike na joto.

Mpaka hapo wateja walimpenda. Tatizo lilianza mwenye nyumba alipoleta kitambaa.

Maana wakati ule mwanamke anayejiheshimu hakuacha chombo chake uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, viti na vyao, hata jagi la maji na kofia yake. Seti mpya ikiingia, kitambaa kilikuwa kimeshafumwa wiki nzima kabla, na mama wa nyumba alikileta kwa mikono miwili, akakitandaza juu ya seti pembe zikining'inia, akarudi nyuma kukitazama. Hapo ndipo Funua aliposema neno lake.

"Funua."

Hakuongeza "tafadhali" wala "samahani". Akiulizwa kwa nini, alisema chombo kinapumulia pale juu, basi. Ukibisha, alikaa kwenye kiti chako na kalamu mfukoni, asisaini, asiondoke, mpaka kitambaa kitoke. Mama mmoja alifika dukani anatetemeka kwa hasira. "Fundi wenu ameingia kwangu akaniambia funua! Mbele ya mume wangu!" Nilicheka mpaka nikaangusha kalamu, na mimi ndiye niliyeisambaza ile hadithi, na jina likamkaa.

Bosi hakucheka. Malalamiko yalipofika kumi na moja, aliniita. "Mwambie yule mtu, lalamiko moja zaidi, atafute kazi kwingine." Nikamwambia. Funua alinisikiliza, akasema, "Nimesikia, dada," na kesho yake akaenda kumwambia mke wa mwalimu mkuu afunue. Bahati yake, yule mama hakuja kulalamika.

Sasa ikafika zamu ya mama yangu. Nilimnunulia seti, na mama alikuwa anafuma tangu mwezi uliotangulia: kitambaa cha rangi ya maziwa, ua kila pembe. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na maua yale aliyafuma kwa kupapasa. Njiani nilimsimamisha Funua.

"Fundi, nakuomba. Kwa mama yangu, leo nyamaza. Ni lalamiko moja tu limebaki, nisije nikalileta mimi. Nitamwambia mwenyewe kesho."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

Kazi aliifanya kama kawaida, shubiri, leso, kiganja na yote. Muziki ukatoka, mama akapiga makofi kama mtoto. Kisha akakileta kitambaa, akakitandaza, akaanza kuzipapasa pembe zake zikae sawa. Funua alifungua mdomo. Akaufunga. Akachukua mkoba wake, akatoka bila kusaini na bila kumuaga mtu.

Nilimfuata nimewaka. "Hata kwaheri humpi mama yangu? Umelelewa wapi wewe?"

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, mikono ameibana katikati ya magoti. Hasira yangu ikaniishia pale pale.

"Nitamwambia kesho," alisema. "Hayo uliyoniambia njiani. Mimi niliyasema kabla yako."

Akanisimulia bila kuinua kichwa. Zamani alikuwa na karakana yake mwenyewe. Alinunua seti, ya kwanza katika mtaa wao, akaifunga kwa mikono yake. Mkewe alimaliza kufuma kitambaa siku ya Jumatatu, akakitandaza. "Nilikiona kimeziba matundu yote. Mimi ni fundi, dada, nilijua. Lakini alikuwa amesimama pale anakitazama, ana furaha. Nikasema moyoni, leo nimwache afurahi, nitamwambia kesho." Jumanne alitoka mapema. Mchana mkewe alimlaza binti yao wa miaka mitatu sebuleni, akaacha muziki unaimba ili mtoto alale vizuri, akaenda bombani kuteka maji. Bombani palikuwa na foleni.

Hakumalizia, na sikumwomba amalizie.

"Na mkeo anasemaje?" niliuliza.

"Hajui. Niliwaambia zimamoto na majirani kwamba ni waya, niliuunga vibaya. Akijua ni kitambaa, atajua ni mikono yake. Mikono ile ndiyo iliyomwogesha na kumlea yule mtoto. Ataishi nayo vipi?"

Nikakumbuka niliyokuwa nayasikia tangu nikiwa msichana, kwamba kuna fundi aliyeiunguza nyumba yake kwa waya, na watu wakimaliza kuyasimulia wanasema "mganga hajigangi" na kucheka. Hakuna aliyempelekea tena redio. Karakana ikafa. Ndivyo alivyokuja kuwa mbeba maboksi wa duka letu. Na ndiyo maana hakuweza kumweleza Bosi wala wale akina mama, kwa sababu mji wetu neno halilali njiani, na lingefika kwa mkewe kabla ya jua kuzama.

"Usiniseme, dada."

"Sikusemi," nikamwambia, na nililia, sikuona aibu.

Nilirudi ndani, nikaondoa kitambaa. Nikamwambia mama waranti hairuhusu. "Waranti!" mama akasema. "Waranti ndiyo iliyokuzaa?" Hakunisemesha wiki nzima, na kitambaa akakihamishia kwenye kiti alichojua napenda kukalia, ili nisikalie. Lakini nililala nikiwaza lile neno lililonitoka. Mama hakubishana na Funua wala na mimi, alibishana na waranti, na waranti haina uso wa kuchukiwa.

Asubuhi nilikwenda kwa mchonga mihuri. Kuanzia wiki ile, kila kadi iliyotoka dukani kwetu ilipigwa muhuri mwekundu: CHOMBO KISIFUNIKWE KWA KITAMBAA. KIKIFUNIKWA KITAWAKA MOTO, NA WARANTI IMEKUFA. Bosi aliupenda, akasema hatimaye nimetumia akili. Funua hakuhitaji tena kumwamuru mtu. Akifika penye kitambaa aliitoa kadi, akaonyesha kwa kidole, na akina mama walinung'unika kuhusu makampuni ya siku hizi na kufunua wenyewe. Malalamiko yakakoma. Nilijiona nimefanya kazi kubwa, na nilitembea kifua mbele kwa miaka mitatu.

Halafu siku moja, Funua akiwa kwa mteja upande wa pili wa mji, mkewe aliingia dukani.

Nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Alifua mashuka hospitalini, na mikono yake ilikuwa myeupe kwenye vidole kwa ajili ya sabuni. "Shikamoo, mama," nikasimama. Akaitikia, akakaa.

"Mzee wangu anastaafu mwezi ujao," alisema. "Nyumba yetu ni kimya mno, mwanangu. Tangu yale yaliyotupata hajaingiza hata redio ya betri. Watu wote anawafungia muziki, yeye akirudi anasikiliza bomba linavyodondoka. Nataka leo akija aikute, aifunge mwenyewe."

Nilimchagulia iliyo bora. Nilipokuwa nalifunga boksi, nikaikumbuka kadi. Nikapekua droo nitafute ambayo haijapigwa muhuri. Hakukuwa na hata moja, kwa sababu mimi ni mtu wa bidii, nilikuwa nimezipiga zote. Nikaisukuma ndani na kuifunga droo.

"Na kadi?" akauliza. "Mzee amenifundisha, kitu cha umeme hakitoki dukani bila kadi."

"Tutakuletea, mama."

"Si hizo hapo? Nimeziona."

Nikampa. Ningefanya nini? Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea. Alipofika kwenye muhuri kidole kilisimama. Kikarudi mwanzo wa mstari. Kikafuata tena.

"Kwa kitambaa," alisema.

Feni zote za dukani zilikuwa zinazunguka, na mimi jasho linanitiririka.

"Muhuri huu umeanza lini?"

"Miaka mitatu, mama."

"Na kabla ya muhuri, yeye alikuwa anawaambia nini watu?"

Hakuhitaji nijibu, jina la mumewe alilijua kama mji mzima ulivyolijua.

"Funua," alisema mwenyewe, taratibu. "Na mimi nilidhani wanamwita hivyo kwa sababu hufunua maredio."

Akaviweka viganja vyake mapajani, akavitazama kwa muda mrefu, kwanza migongo, kisha ndani. "Kilikuwa cheupe, chenye ukingo wa bluu," alisema. "Nilikimaliza Jumatatu." Machozi hayakumtoka, na ningefurahi kama yangetoka. Nilizunguka meza, nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba msamaha, sijui hata wa nini. Akanishika kichwa kama mtu anayemtuliza mtoto wa jirani.

"Miaka kumi na tisa wamemwita mganga asiyejiganga," alisema. "Akakubali. Hata mimi, siku nilizokuwa na uchungu, nilimwambia, waya wako. Akanyamaza."

Alisimama. Akaikunja kadi mara nne, akaiingiza kifuani.

"Asijue kwamba nimejua. Akijua, atakuwa ameubeba mzigo huu bure."

Akaomba nimwitie mtu wa mkokoteni, akaondoka nyuma ya boksi lake, mgongo umenyooka.

Kesho yake Funua aliwahi kuliko mimi. Nilimkuta mlangoni, shati limepigwa pasi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. Akanisaidia kuinua mlango wa chuma, akaingia nami, akasimama mbele ya meza.

"Mke wangu amenunua seti."

"Ndiyo, Fundi. Hongera."

"Niliifunga jana. Nilipomaliza niligeuka, nimeshajiandaa cha kusema. Nikamkuta mikono mitupu. Akaja akaweka kiganja juu ya matundu, akangoja. Akasema, 'Inapumua vizuri.' Tukakaa, tukasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Alinishika mkono, dada. Hajanishika mkono hivyo tangu tuhamie nyumba hii, baada ya moto."

"Vizuri," nikasema.

"Nikamwomba kadi nisaini. Akasema imempotea njiani. Mke wangu hajawahi kupoteza hata pini." Akanitazama machoni. "Kadi yake uliipiga muhuri?"

"Ya kwake haikuwa na muhuri, Fundi. Muhuri ulikuwa umekauka wino."

Chupa ya wino ilikuwa pale mezani, imejaa mpaka shingoni. Aliitazama. Alinitazama mimi. Kisha akainama, akauokota mkoba wake.

"Basi usije ukamwambia kwamba nimeuliza," alisema, na akaenda kwa mteja wa kwanza wa siku ile.

Na mimi, niliyezaliwa bila breki, sikumwambia.