Mahindi Mekundu ya Noeli

Juzi, katika duka moja la mbegu pale Kabingo, niliona gunia la mahindi yaliyopakwa dawa nyekundu, nikarudisha mkono haraka.

Nilikuwa mdogo, tunakaa Rubondo, na kesho yake ilikuwa Noeli. Mama alikuwa kanisani akifagia. Jirani yetu, Mama Furaha, aliyekuwa ametoka Kongo siku si nyingi, aliosha mahindi kama hayo hadi maji yakawa kama damu. Akamwaga maji hayo uani, akabandika sufuria ya mahindi. Mimi na Furaha tulidhani mahindi yametiwa rangi kwa ajili ya sikukuu. Mvuke wake ulinuka kama dawa ya kunguni, lakini tulikuwa na njaa. Kuku walikunywa yale maji, kisha wakalala juani, mabawa wazi. Tulicheka kuona kuku wamelala mchana.

Mama aliporudi hakucheka.

“Mama Furaha, batoto bamekula?”

“Bado. Nimeosha muzuri, mara mingi.”

“Hii ni ya kupanda! Iko na sumu!”

Akapindua sufuria. Furaha akaangua kilio. Mama alichimba shimo, akafukia chakula chote pamoja na kuku, kisha akaketi juu ya udongo ule, fimbo mkononi, hadi giza likaingia. Nilimchukia. Niliamini anangoja tulale, afukue ale peke yake.

Leo nina watoto wangu, na najua alichokiogopa. Tulikuwa na njaa, na tulikuwa tumeona alipofukia.