Kamusi Niliyoililia

Kilichoibwa kilikuwa sidiria. Uvumi huo umenifuata kwa zaidi ya miaka ishirini, nami nimeukana kila mara: mbele ya wanafunzi wenzangu wa zamani, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya ukumbi uliojaa walimu. Siku hiyo mwenyekiti alinikaribisha nizungumze kwa kusimulia jinsi nilivyokuwa msichana pekee aliyepata kulia kwa sababu ya kuibiwa kamusi. Watu walipiga makofi. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Mambo yenyewe yalitokea Mwingereza angali anatutawala, katika chuo cha ualimu cha wasichana upande wa Temeke. Siku hizo Temeke ilikuwa nje ya mji hasa. Ukitoka nyuma ya bweni unaingia kwenye mihogo ya watu. Mkuu wa chuo alikuwa mama wa Kiingereza, mrefu, mwenye haki na asiyecheka, aliyejifunza Kiswahili vitabuni hata akawa anakisema vizuri kuliko sisi, jambo lililotuudhi. Yeye ndiye aliyeamua kwamba kila mwanafunzi lazima awe na siku ya kuzaliwa.

Wengi wetu hatukuwa nayo. Mama yangu, huko Chanika, alikuwa na hakika kwamba nilizaliwa mwaka wa nzige, na kwamba nililia sana. Zaidi ya hapo hakujua. Ikabidi tuchague tarehe. Nusu ya bweni walikimbilia siku ya mwaka mpya, wakajuta, maana keki yao moja ilikatwa vipande vidogo kama vidonge vya kwinini. Mimi nilichagua mwezi wa kumi, kwa sababu korosho za nyumbani huwa zimeanza kuanguka na barabara ya Chanika inapitika. Ndivyo nilivyozaliwa.

Juma lako la kuzaliwa lilikuwa na heshima zake. Hufagii bwalo, huteki maji, na Jumamosi unakata keki mbele ya chuo kizima ukiwa umevaa gauni lako la nyumbani badala ya sare. Gauni hilo ndilo lililoniponza.

Shangazi yangu alikuwa yaya Uzunguni. Jumapili alikuja kuniona, ameleta korosho za mama na kifurushi cha gazeti.

"Memsahibu wangu kanipa, nilimwambia nina mtoto chuoni," alininong'oneza. "Tangu aanze kula maembe ya huku haimtoshi. Usimwonyeshe mama yako, atasema nimekuharibu."

Ilikuwa nyeupe, ina lesi, na vikombe vyake vilisimama vyenyewe hata bila mtu ndani. Sisi wengine wote tulijifunga kanchiri za kitambaa au hatukujifunga kitu. Niliificha chini kabisa ya sanduku langu la bati, nikawa nakwenda kuitazama kila kipindi kilipokwisha, kama mtu aliyelaza mgonjwa.

Jumanne haikuwapo.

Mama mlezi, mjane wa bara aliyelala chumba cha mwanzo wa bweni, alinikuta nimejilaza juu ya sanduku nalia. Nilimwamkia kwanza, maana hata kilio kina adabu zake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeibiwa nini, mwanangu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Lakini mama mlezi alikuwa mtu wa kuona haya hata kutamka neno paja alipotugawia nyama ya kuku.

"Kamusi," nikasema.

"Kamusi?"

"Ya Kiingereza. Kanipa shangazi. Kapewa na memsahibu wake."

Machozi yalimlengalenga, na nikaona kwamba nimeshachelewa. Asubuhi iliyofuata mkuu wa chuo alisimama mbele yetu akasema kwamba muda wote aliofundisha huku ameona wasichana wakililia vitana, shanga na barua za wavulana, lakini hajawahi kuona anayelilia kamusi. Wenzangu waligeuka kunitazama. Wale waliozoea kuniamsha darasani walinitazama kwa muda mrefu zaidi.

Kisha masanduku yakapekuliwa, na kamusi ikapatikana. Hiyo ndiyo hasara ya kusema uongo mahali penye vitabu. Ilikuwa katika sanduku la msichana aliyelala kitanda cha jirani yangu, Mnyamwezi wa Tabora, na ukurasa wake wa mwanzo, ule ambao mtu huandika jina lake, ulikuwa umechanwa. Alieleza kwamba ni yake, kwamba alipewa na mwalimu wake wa zamani, na ukurasa ule kaka yake aliusokotea tumbaku akauvuta. Yalikuwa maelezo ya kweli, nayo yalisikika vibaya sana. Mkuu wa chuo aliandika hati ya treni ya kumrudisha kwao, akamwambia atajua Jumamosi kama atapanda au la. Huko kwao alingojwa na baba aliyemruhusu kusoma kwa shingo upande, na mchumba mwenye ng'ombe wengi na meno machache.

Sasa nieleze kwamba msichana yule alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara ya mabibi na mababu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, wewe ukacheka. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe. Humshtaki, unakwenda kukigomboa kwa kuku, au kwa matusi mazuri zaidi. Tangu tufike chuoni aliniamsha kila asubuhi kwa maneno yale yale: "Mzaramo, amka, ngoma imekwisha." Juma lile aliacha kuniamsha. Nilichelewa mstarini kila siku.

Nami sikusema kitu. Nilikuwa nangoja mwizi wa kweli ajitokeze mwenyewe aniondolee tabu.

Jumamosi tuliitwa wote wawili. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, yeye na sare yake, mimi na gauni langu la nyumbani, kwa kuwa keki yangu ilikuwa inaningoja bwaloni.

"Mzaramo," alisema bila kunitazama, "utaniua mie."

"Ngoja kidogo. Nafikiri."

"Tangu Jumanne unafikiri. Nyie mkifikiri mihogo inaoza."

"Najua kamusi ni yako."

"Najua unajua. Sanduku lako nimelifungua mie mwenyewe. Mlikuwa na korosho na kile kidude chako. Kamusi hata harufu yake haikuwamo."

Nikamgeukia. Sare yake, ambayo siku zote ilianguka moja kwa moja kama pazia la dirisha, sasa ilikuwa na pembe mbili mbele.

"Wewe."

"Babu zako waliwatoza babu zangu hongo ya njia kila walipopita kwenu na mizigo vichwani. Nikasema na mie nitoze. Nikakaa nangoja uje ukigomboe. Kuku mmoja tu nilitaka, hata jogoo mzee. Wewe ukaenda kulilia kamusi, masanduku yakapekuliwa, ikabidi nikivae."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Madam, sikuiba kamusi, niliiba sidiria? Utani haumo katika sheria zake. Ni wewe wa kusema. Kitu chako, mtani wako, aibu yako."

"Nitasema."

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, toka juu hadi chini. "Gauni zuri," alisema. "Ila limepwaya hapo mbele."

Tukaitwa ndani. Kamusi ilikuwa juu ya meza na hati ya treni pembeni yake.

"Hii ndiyo kamusi yako?" mkuu wa chuo aliniuliza.

Ningependa kuandika kwamba nilisema ukweli. Nilisema yangu ilikuwa ya bluu.

"Bluu ya namna gani?"

"Ya kawaida, madam."

Ile ya mezani ilikuwa ya rangi ya kahawia. Mtani wangu alifumba macho. Lakini mkuu wa chuo hakuwa mtu wa kumfukuza mwanafunzi kwa sababu ya rangi ya jalada. Aliuliza jina la tajiri wa shangazi yangu, akazungusha kishikio cha simu, akanyanyua mkonga, akaomba aunganishwe na nyumba hiyo ya Uzunguni. Walizungumza Kiingereza. Memsahibu alikuwa na sauti ya kuitia mbwa, na mkonga haukuweza kuizuia yote.

"Kamusi," alisema mkuu wa chuo. "Uliyompa yaya wako, kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Hapana? Una hakika? Sasa ulimpa nini?"

Akajibiwa. Akaketi.

"Tafadhali rudia."

Memsahibu akarudia, safari hii kwa nguvu zaidi na pamoja na saizi.

Mkuu wa chuo aliziba mkonga kwa kiganja. Akanitazama mimi, akalitazama gauni langu lililopwaya. Kisha akamtazama Mnyamwezi, na macho yake yakatulia hapo.

"Kumbe mwizi yupo," alisema polepole, kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

"Hakuiba, madam," nikasema. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ya kweli tangu Jumanne, ikatoka nyembamba. "Ni mtani wangu. Mtani akichukua, hajaiba. Mimi ndiye niliyetakiwa kugomboa, nikaona haya kukitaja kitu chenyewe. Kamusi hiyo ni yake. Mimi sina kamusi. Sijawahi kuwa nayo."

Huko bwaloni wenzetu walikuwa wakigongagonga vijiko kuidai keki. Mkuu wa chuo akaisukuma kamusi mpaka upande wa mtani wangu. Hati ya treni aliikunja, akaitia kwenye droo, akaifunga droo. Uso wake haukubadilika, ila masikio yalikuwa mekundu kama pilipili.

Mkonga ulikuwa bado unabwata kiganjani mwake. Akauweka sikioni, akasikiliza, akauziba tena.

"Anauliza," aliniambia, "kama imekukaa vizuri."

Mtani wangu ndiye aliyejibu, amekumbatia kamusi yake kifuani, juu ya mali yangu.

"Mwambie inabana kidogo kwapani, madam."

Mkuu wa chuo akameza mate, akaurudisha mkonga mdomoni, akaufikisha ujumbe kama ulivyotumwa.