Ubao wa Mwenye Viatu

Sijui tabia ya kushuku nimeirithi wapi, maana mama yangu hana. Mimi nikipewa chenji naikagua noti mojamoja. Mtu akinichangamkia kupita kiasi najiuliza huyu anataka nini. Kwa hiyo mwaka nilioanza masomo ya jioni ya shahada ya pili ya biashara, nikapewa nywila ya kuingilia kwenye kanzidata za maktaba ya chuo, nilijiona nimekabidhiwa silaha.

Mkutubi alitufundisha darasa zima. Unaandika jina la kampuni, unaletewa wakurugenzi wake, wenye hisa, taarifa za mwaka na habari zilizoandikwa magazetini. "Ila humu wamejaa wakubwa," akatuonya. "Wafanyabiashara wengi wa kwetu hawamo, au wamo kwa jina lingine. Msije mkasema hawapo." Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari, nikayasahau.

Wiki hiyohiyo mama akanipa habari. Yeye ana fremu ya duka Kariakoo, anawauzia mafundi cherehani zipu, vifungo na uzi. Mzigo wake anauchukua kwa mzee mmoja wa Kihindi anayekaa Upanga, mwenye duka la jumla mtaa wa pili kutoka fremu ya mama. Walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu mimi niko shule ya msingi, bila karatasi yoyote: mzee anatuma mkokoteni, mama anapokea, basi. Sasa mzee alitaka kumfanya wakala wake pekee wa zipu pale sokoni. Sharti lilikuwa moja, aache kununua kwa watu wengine wote.

"Mbona ghafla?" nikauliza.

"Kazeeka, wanawe wako nje, kanichagua mimi," mama akajibu huku akitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu baba afariki.

Tabasamu lile ndilo lililonitia hofu. Huyo mzee akiwa tapeli, mama atakuwa ameshawakata wauzaji wengine wote, halafu siku moja anaamka zipu hakuna, na fremu inafungwa.

Jumamosi nikakaa maktaba asubuhi nzima. Nikaandika jina lililo kwenye ubao wa duka la mzee, lile la herufi nyekundu nililolisoma tangu utotoni. Hakuna kitu. Nikajaribu kanzidata ya pili, ya tatu, nikapekua na magazeti. Hakuna. Mtu ana stoo iliyojaa mpaka darini, na hajaacha hata alama! Nikajua nimemnasa. Nakiri kwamba nilifurahi.

Sikumwambia mama. Nilichapisha zile kurasa tupu, nikaenda nazo moja kwa moja dukani kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtoto. Mama mzima?"

"Mzima. Mzee, hii kampuni yako imesajiliwa wapi? Mbona nimeitafuta chuoni kwetu, haipo?"

Wapakiaji waliokuwa mlangoni wakageuka kunitazama. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaingia ndani na kutoka na cheti kilichowekewa kioo, kimejaa vumbi. Mmiliki alikuwa yeye, lakini jina la kampuni lilikuwa jingine kabisa.

"Ule ubao wa mpangaji wa zamani, alikuwa anauza taa," akasema. "Wateja wameshazoea kuelekezana kwa jina lile. Hapa Kariakoo ukishusha ubao, watu wanajua umehama. Wewe hujui? Ubao wa mama yako nani alimwambia asiushushe, kama si mimi?"

Uso uliniwaka. Ubao ulio juu ya fremu ya mama unasema hapo wanauza viatu. Nimekua chini ya ubao ule, nimeufuta vumbi kila sikukuu, na hatujawahi kuuza hata kandambili moja. Wateja hushika vifungo mkononi huku wakisema kwenye simu, "Nipo hapa kwa mwenye viatu."

"Mama kakutuma?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Hajui kama nimekuja."

Namjua mtu anayeshuku nikimwona, na nikaona kwamba hakuniamini.

Uwakala mama aliupata. Lakini mzee alimletea mkataba wa wakili, kurasa nyingi, akataka na nakala ya leseni, kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Alikuwa ameshamwambia nilivyokwenda kumhoji, lakini mama alikusanya kila kitu bila kunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilimwomba radhi. Akasema yamekwisha.

Mwezi uliofuata nilikuwa nimekaa naye dukani mkokoteni ulipofika. Safari hii nyuma yake alikuwepo karani mwenye fomu. Mama akatia sahihi sehemu tatu, akasubiri mpaka karani alipokata kona.

"Miaka yote hii mzee alikuwa ananiita dada," akasema. "Jana kanipigia simu, kaniita mteja."