Kidude Kilisema Ameondoka

Sikuombi uniamini. Mie mwenyewe, mwenye shahada ukutani, ningemcheka anayesimulia haya. Ila yalinikuta, tena saa tatu asubuhi, chai ikiwa mezani.

Nilikuwa ofisi ya mizigo ya shirika moja la ndege hapa Dar. Kila mzigo wa baridi nilikuwa naubandika kidude kidogo kama kiberiti. Kinahisi joto na mahali mzigo ulipo, kisha kinatuma habari kwenye kompyuta: doa jekundu, mzigo uko bandani, la kijani, umepakiwa. Siku ile kulikuwa na maiti wa kwenda Mtwara, azikwe alasiri. Jeneza lilikuwa ndani ya sanduku la mbao, kama mizigo mingine. Doa lake likawa kijani.

Akaingia mzee aliyejitanda shuka jeupe, pamba puani. Nikadhani mafua.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Huyo wa Mtwara hajaondoka. Yuko banda la pili.”

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. “Kijani hiyo, mzee. Kifaa hiki hakina uvivu.”

“Wewe je, unao?” Akatazama kikombe changu. “Nenda kaangalie. Ndege haijafunga milango.”

Hatua arobaini tu, ndugu msomaji. Nikaanza kumfafanulia teknolojia. Nikainama kuongeza sukari. Nilipoinua uso, hayupo. Mlango ule hulia kila ukiguswa. Haukulia.

Saa sita wakapiga simu kutoka Mtwara. Wafiwa walikuwa wamefungua sanduku, wakakuta chanjo za kuku. Kidude cha maiti nilikibandika mimi kwenye sanduku la chanjo, na cha chanjo kwenye la maiti, nikibishana habari za mpira kwenye simu, na wapakiaji hufuata kidude. Nikakimbia banda la pili. Alikuwepo. Nikafungua bahasha ya vibali kutafuta namba ya ndugu, nikakutana na nakala ya kitambulisho chake. Uso ule ule.

Alizikwa kesho yake. Baada ya matanga nilikwenda Kiwalani, hapa hapa Dar, kumwomba radhi mdogo wake. Unajua nilimwambia nini? Kwamba mtandao ulisumbua.

“Hamna neno, braza,” akasema. “Ila kaka hakuwaga mtu wa kuchelewa. Angekuwa na uwezo, angekuja mwenyewe kuwakumbusha.”

Nikamaliza chai yake, nikaaga. Ukweli sijamwambia mpaka leo, na kila nikiona doa la kijani nasikia harufu ya karafuu maiti.

Siku ukimsafirisha mtu wako, karani akakuonyesha kijani, usimshukuru. Mwambie ainuke, aende akaliguse sanduku. Akianza kukufafanulia teknolojia, huyo ni mimi.