Watani wa Kwenye Simu

Avelina wa Milanzi aliuza ulezi sokoni Sumbawanga kwa miaka mingi, na mdomo alikuwa nao. Ukimwita mchawi, kama watu wa Sumbawanga wanavyosingiziwa, anakujibu, "Njoo usiku nikupakie kwenye ungo, nauli bure!" Mtani wake mkubwa alikuwa Mayunga, Msukuma mfugaji wa kule Mollo. Matusi waliyorushiana yangewafikisha wengine polisi. Lakini mume wa Avelina alipofariki, Mayunga alifika na ng'ombe, akashika jembe makaburini, akawachekesha wafiwa mpaka wakakubali kula. Huo ndio utani, na Avelina hakujua mwingine.

Basi soko huria likatuletea makampuni ya simu, bando za intaneti zikauzwa kama karanga. Mjomba aliyeko Dar es Salaam akamtumia Jenifer, binti pekee wa Avelina, simu ya kupangusa. Mtoto akaanza kucheza gemu la vita na wenzake asiowajua, wakiongea kwa maiki. Siku alipotaja kwao Sumbawanga, ikawa nongwa. "Mchawi huyo, mtoeni!" Kila jioni hivyo hivyo. Walimfukuza kikosini, wakarekodi sauti yake akilia, wakaisambaza. Jenifer, ambaye kicheko chake kiliwafanya majirani wachungulie kujua kuna nini, akawa hacheki tena.

"Hao ni watani, mwanangu. Na wewe wajibu," Avelina alimwambia.

"Mayunga alikuja kumzika baba. Hawa watakuja, mama?"

Avelina angeweza kukaa na mwanawe amsikilize. Angeweza kumwuliza hata kijana wa duka la simu jinsi ya kuwafungia washenzi wale. Hakufanya, maana ulezi ulikuwa unamngoja. Akashika njia ya mkato, na njia ya mkato, nasema mimi, ndiyo inayotuponza wazazi.

"Fungua jina jingine. Sema unatoka Mbeya. Na usiongee kama sisi."

Dawa ikakubali. Jenifer akapata marafiki, na Avelina akajisifu sokoni kwamba kulea ni akili.

Jumapili moja baada ya misa, akiwa uani anapepeta, alisikia kwenye simu ya Jenifer mtoto mwingine akitukanwa matusi yale yale. Akaingia ndani na ungo mkononi, akaiinamia simu.

"Nyie watoto hamna wazazi? Mwacheni mwenzenu!"

Sauti moja simuni ikauliza,

"Nani huyo? Lafudhi gani hiyo? Au ndio wale wachawi wa Sumbawanga?"

Jenifer akaivuta simu. Alimtazama mama yake mara moja tu.

"Achaneni naye, dada wa kazi huyo. Tumemtoa huko huko kwa wachawi."

Wakaangua kicheko, na Jenifer akacheka nao, kicheko kile kile cha zamani. Jirani akachungulia kujua kuna nini. Avelina, aliyekuwa amekiomba kicheko hicho hata kanisani, akasema hakuna kitu, akarudi uani na ungo wake.